Nilikwenda kwa mshauri nasaha mara moja tu, sikurudi. Mwanamume hupataje mshauri anayemfaa?

Baba_wa_Wawili

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo yangu, kwa kuwa sijapata kuyaandika popote na sijui ni lipi la kuacha.

Nina miaka 41, ninaishi Iringa, na kazi yangu ni kukagua maombi ya mikopo katika chama cha akiba na mikopo. Nina mke na binti wa miaka 8. Mwaka juzi mke wangu alijifungua mtoto wa kiume, mimba ikiwa ya miezi minane, na mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufariki. Siku hiyo mimi ndiye niliyetia saini karatasi za hospitali, nikakabidhiwa mtoto akiwa amevingirishwa katika kitenge cha mama yake, nikampigia simu baba mdogo aandae mahali, na jioni ileile tukamzika tukiwa watu sita, bila tanga, kama ilivyo kwetu kwa mtoto asiyepata kulia. Siku zilizofuata kina mama walikuja wawili wawili kumpa pole mke wangu, na kila aliyenikuta mlangoni aliniambia, "Baba, jikaze, umtie moyo mwenzio." Nilijikaza. Siku ya tano nilirudi kazini.

Baada ya miezi sita hivi ndipo mwili ulipoanza kunigeuka. Usingizi hukatika saa nane usiku na haurudi tena. Moyo hunienda mbio nikiwa nimeketi tu mezani kwangu. Kisogo kinauma, tumbo linawaka. Nimepimwa malaria, taifodi, presha, sukari na vidonda vya tumbo, na kila mara naambiwa vipimo viko sawa, narudi nyumbani na mfuko wa dawa za maumivu. Nimekuwa mkali mno kwa binti yangu, kiasi kwamba akisikia nafungua geti hunyamaza, na ukimya wake huo unaniumiza kuliko kichwa.

Mwezi wa nne mwaka huu daktari mmoja kijana, badala ya kuniandikia kipimo kingine, aliniuliza, "Nyumbani kuna jambo lolote limetokea?" Nilishindwa kumjibu, sauti haikutoka. Akaniandikia nikaonane na mshauri nasaha. Karatasi hiyo nilikaa nayo ndani ya pochi miezi mitatu. Watu wa rika langu tulilisikia neno ushauri nasaha kwa mara ya kwanza katika matangazo ya kupima virusi vya UKIMWI, na nilijua kwamba yeyote atakayeniona nikiingia mlango huo atafikiri jambo hilo. Tena huku kwetu mtu akitamka tu kwamba anaonana na mtaalamu wa mambo ya akili, kabla hajamaliza kusema amekwisha kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, midomoni mwa watu.

Hatimaye nilikwenda kwa mtu niliyeelekezwa na mfanyakazi mwenzangu, nikalipa shilingi 40,000. Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wakipita kwenye korido. Alipokea simu mara mbili. Kabla sijafika kwenye habari za kuzika alinikatiza, akaniambia kwamba mtoto yule sikupata kumfahamu, kwa hiyo hakuna cha kulilia, kwamba mimi ni kichwa cha nyumba na nikiyumba nyumba nzima itayumba, na kwamba dawa yake ni kupata mtoto mwingine mapema. Dakika 15 zilimtosha. Nilimshukuru, nikatoka, na tangu siku hiyo nina aibu ambayo sikuwa nayo kabla ya kwenda.

Ninaomba kuuliza. Je, ndivyo ushauri nasaha ulivyo, au niliangukia mtu asiyenifaa? Nitamtambuaje anayefaa kabla sijalipa tena? Nitafute mwanamume mwenzangu au mwanamke? Mji wetu ni mdogo, na mmoja wa wachache niliotajiwa anaimba kwaya moja na mke wangu. Nitashukuru kusikia hasa kutoka kwa wanaume waliokwisha kupita njia hii.

Seremala_wa_Mwanza

Pole sana ndugu yangu kwa kumpoteza mwanao. Nimesoma jina ulilojipa humu, nikaelewa.

Mimi nina miaka 47 na nimepita kwa washauri watatu. Karakana yangu iliungua mwaka 2019 pamoja na mbao za wateja, nikawa nalipa madeni mchana na kunywa usiku. Mshauri wa kwanza alikuwa mtu mwema, lakini kila nilichosema alikijibu kwa mstari wa Maandiko. Mimi ni muumini na sikuona ubaya wake, ila nilitoka pale nikiwa nimehubiriwa, sikuwa nimesikilizwa. Wa pili alisikiliza vizuri mno. Nilikwenda kwake wiki tisa, na kila nikitoka nilikuwa nimepumua, lakini nyumbani hakuna kilichobadilika, wala hatukuwahi kuulizana tunaelekea wapi. Wa tatu, siku ya kwanza kabisa, aliniuliza, "Katika haya yote, ungependa kipi kibadilike kwanza?" Nikasema usingizi. Akanipa kazi ya kuandika kila asubuhi nimelala saa ngapi, nimeamka saa ngapi, na usiku wake nilikunywa nini. Baada ya wiki mbili daftari lenyewe lilinionyesha kile ambacho mke wangu alikuwa akinieleza mwaka mzima bila mimi kusikia. Kwa huyo nilikaa miezi saba.

Kuhusu mwanamume au mwanamke, huyo wa tatu alikuwa dada niliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 15, na nilipomwona nilitaka kugeuka nirudi. Nilidhani sitaweza kutamka habari za pombe mbele ya binti mdogo kiasi kile. Ikawa kinyume chake. Mbele ya mwanamume wa rika langu nilikuwa najipima naye, yeye ana ofisi na mimi nina majivu. Mbele ya dada yule sikuwa na cha kushindania. Sisemi kwamba kwako itakuwa hivyo. Nasema usiamue kwa kumtazama tu, kaa naye kwanza.

Lipo jambo jingine, nalo limenigharimu fedha nyingi. Sisi wanaume tunaweza kuzungumzia bei ya mbao na siasa kwa dakika 40, kisha neno lenyewe tukalitoa tukiwa tumekwisha kushika kitasa cha mlango. Liandike neno lako kwenye karatasi, na ukiingia tu, kabla salamu hazijapoa, mpe alisome.

Mzee_wa_Njombe

Mwanangu, pole kwa msiba. Nauita msiba kwa sababu ndivyo ulivyo, hata kama hapakuwa na tanga.

Siyapingi haya mnayoyasema, lakini nina swali ambalo nimelibeba muda mrefu. Zamani kijana akielemewa alikwenda kwa mjomba au kwa babu, wakakaa nje jioni, na mambo yakazungumzwa bila mtu kutoa hata senti. Leo mtu anampa mgeni shilingi 40,000 ili amweleze habari za chumbani kwake, na mgeni huyo hajui ukoo wenu wala mlikotoka. Je, si afadhali kurudi kwa wazee, au kwa padre, mchungaji na shehe, ambao wapo na hawalipishi? Mimi nimezika watoto wangu wawili, mmoja mwaka 1984 na mwingine mwaka 1991, na mshauri hakuwepo. Tuliishi.

Mnasihi_Mombasa

Mzee wetu, shikamoo. Kaka wa Iringa, pole sana. Mimi ni mama wa makamo, ni mnasihi, yaani mshauri nasaha, kwa taaluma, na nimefanya kazi hii kwa miaka 14 hapa Mombasa. Wanaume wanaonijia ni wachache kuliko wanawake, na wengi wao hufika kama ulivyofika wewe, wakiwa na bahasha ya vipimo visivyoonyesha kitu.

Hapana, kaka, ulichokutana nacho hakikuwa ushauri nasaha. Mtu aliyefunzwa kazi hii hafungui kikao mlango ukiwa wazi, hapokei simu, na hamwambii mfiwa kwamba hana cha kulilia. Kikao cha kawaida huchukua kama dakika 50, na siku ya kwanza sehemu kubwa ya muda huo huwa ni yako, kwa sababu kazi ya mshauri siku hiyo ni kuuliza na kunyamaza. Nadhani jina lenyewe limetuponza kidogo. Katika lugha yetu mshauri ni mtu wa kutoa shauri, basi asiyefunzwa akikalia kiti hicho huona kwamba asipokupa shauri upesi atakuwa hajafanya kazi uliyomlipa.

Swali lako la namna ya kumtambua anayefaa ni swali ambalo taaluma yetu imelishughulikia kwa muda mrefu. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alieleza kwamba uhusiano wa mshauri na anayemjia husimama juu ya mambo matatu: kukubaliana mnataka kufika wapi, kukubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuaminiana. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba nguvu ya uhusiano huo ni miongoni mwa dalili za kutegemewa za kama mtu atapata nafuu, iwe mshauri anatumia mbinu hii au ile. Mtazame ndugu yetu Seremala. Mshauri wake wa pili alikuwa na la tatu peke yake, ndiyo maana alimpumzisha bila kumsogeza. Yule dada aliyemuuliza kipi kibadilike kwanza alikuwa ameanza na la kwanza, akampa daftari ambalo ndilo la pili, na kuaminiana kukaja kwa njia hiyo. Kwa hiyo baada ya vikao viwili au vitatu jiulize kama unajua mnaelekea wapi, kama unaelewa kwa nini mnafanya mnachofanya, na kama lipo neno ulilomwambia ambalo hujamwambia mtu mwingine. Ukiona hakuna hata moja, mwambie wazi. Mshauri aliyekomaa hatakasirika. Atabadilisha namna ya kufanya kazi, au atakuelekeza kwa mwenzake.

Kabla ya kulipa, mpigie simu na umuulize. Muulize amesomea nini na wapi, na alifanyia mazoezi katika hospitali au kituo gani. Muulize ni nani anayemsimamia, kwa sababu mshauri mzuri naye ana mtu wa kumpelekea kazi yake aikague; mtu asiyesimamiwa na yeyote hunipa wasiwasi, hata awe na vyeti ukuta mzima. Muulize kama amewahi kuwahudumia wazazi waliofiwa na mtoto. Kisha muulize kuhusu siri, na usikilize jibu hilo kwa makini kuliko mengine yote. Akikuambia kwamba siri yako ataitunza, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru, huyo anaijua kazi yake. Anayekuahidi siri isiyo na mpaka wowote, ama hajafunzwa, ama hasemi kweli. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kutusajili, kwa hiyo mteja wangu ana haki ya kuniuliza kama nimesajiliwa, nami namwonyesha. Huko kwenu ulizia vyeti bila haya. Wewe mwenyewe humpi mtu mkopo kabla hujaona karatasi zake.

Huyo anayeimba kwaya na mkeo, mwache. Yeye mwenyewe angepaswa kukuambia hivyo, kwa kuwa haifai mtu awe mshauri wako na wakati huohuo mkutane kila Jumapili mahali pengine. Ugumu wa mji mdogo unaweza kuupunguza kwa kumtafuta mtu wa Dodoma, Mbeya au Dar es Salaam na kuzungumza naye kwa simu au kwa video. Wapo wanaume ambao humwaga moyo vizuri zaidi wasipotazamwa usoni. Sharti ni moja tu, upate mahali ambapo hakuna atakayekusikia, hata kama ni ndani ya gari.

Mzee wangu, nimelifikiria swali lako na sitaki kulijibu kwa haraka. Mjomba na babu walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: walimjua kijana tangu angali mdogo. Kama kaka ana mzee wa namna hiyo, na aende kwake pia. Hakuna mgongano wowote. Viongozi wa dini vilevile. Imamu wa msikiti wa jirani na ofisi yangu amenipelekea watu kadhaa, nami nimewapeleka kwake wale ambao donda lao ni swali la imani. Lakini mjomba ana upande. Anaitakia mema ndoa, anawatakia mema watoto, analinda jina la ukoo, na ni vigumu kwake kumsikia mpwa wake akisema "nimechoka" bila kuingiwa na hofu na kumwambia ajikaze. Mgeni hana cha kupoteza katika ukoo wenu, na ndiyo sababu anaweza kulisikia neno hilo mpaka mwisho. Na niruhusu nikuulize kwa heshima zote: mwaka ule wa 1984, ni nani aliyekuuliza wewe ulikuwaje?

Kaka, nimalizie na swali ambalo humuuliza kila mwanamume anayeniambia kwamba halali na hana raha. Je, umewahi kufikiri kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo? Kuuliza hakupandi wazo hilo kichwani mwa mtu ambaye hakuwa nalo, na mwenye nalo mara nyingi hupata ahueni kuulizwa. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, waliokufa kwa kujiua walikuwa 12.6 katika kila wanaume 100,000, na 5.4 katika kila wanawake 100,000, ilhali vyumbani mwetu wanawake ndio wanaojaa. Nimewahi kukaa katika msiba wa mwanamume ambaye miadi yake na mimi ilikuwa ya wiki iliyofuata, kwa hiyo sioni haya kuuliza mbele za watu. Kama umelifikia wazo hilo na unaona unaweza kulitenda, usisubiri miadi ya mtu yeyote. Nenda hospitali ya mkoa leo, na usiende peke yako.

Muuguzi_Unguja

Naongeza kidogo kuhusu gharama na kuhusu jina. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza bibi wa mitaani namna ya kumsikiliza mtu aliyezidiwa na mawazo, wakiwa wamekaa naye kwenye benchi nje ya zahanati, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Benchi hilo mwanzoni liliitwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa; wale bibi ndio walioshauri liitwe benchi la urafiki, na watu wakaanza kukaa. Mpango huo umefika hadi hapa kwetu Zanzibar. Hata hivyo, katika utafiti wa benchi hilo uliochapishwa mwaka 2016, wengi mno wa walioshiriki walikuwa wanawake. Kwa hiyo kaka yangu, ule mguu ulioutia kwenye mlango wa yule wa kwanza ni hatua ambayo wengi wetu hatujaifikia.

Kama 40,000 kwa kila kikao ni mzigo, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili, au umuone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Foleni ni ndefu na chumba huenda kisiwe na pazia zuri, lakini waliomo wamesomea kazi hiyo, na unaweza kuomba mlango ufungwe. Omba, wala usiogope. Mimi huufunga kila ninapoombwa, na hukumbuka kuwa nilipaswa kuufunga kabla.

Baba_wa_Wawili

Nimewasoma wote, na nimerudia mara tatu.

Dada wa Mombasa, nakujibu kwa ukweli kwa kuwa umeniuliza kwa ukweli. Nimewahi kufikiri, usiku mmoja, kwamba huenda mke wangu na binti wangepumua nisingekuwepo. Sijafikiria kutenda lolote, wala sina mpango huo. Sikujua kama hilo nalo ni la kumwambia mshauri.

Nina swali moja dogo. Yule daktari kijana aligusia dawa, nami nikakataa, nikiogopa kwamba nikizianza sitaziacha.

Mnasihi_Mombasa

Asante kwa kujibu, kaka. Ndilo la kumwambia, tena katika dakika kumi za mwanzo. Lianze hilo kwenye karatasi yako, usingizi ufuate. Na wazo hilo likirudi, usikae nalo peke yako usiku, mwamshe mkeo.

Kuhusu dawa, mimi si daktari na siandiki dawa, kwa hiyo nitasema lile tu ambalo kila mtu anapaswa kulijua. Dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kama vile fluoxetini na amitriptilini, si dawa za usingizi za kununua dukani na kumeza siku ambayo mtu amezidiwa. Nafuu yake huchukua wiki kadhaa kuonekana, na wanaume wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi, au huziacha ghafla baada ya kupata nafuu, jambo ambalo huleta usumbufu wake. Si dawa za kumtia mtu uraibu. Huanzwa na kupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Wapo wanaozihitaji na wapo wanaopona kwa mazungumzo peke yake, na wengine hutumia vyote viwili. Rudi kwa daktari yule. Amekwisha kukuonyesha kwamba anajua kuuliza.

Mzee_wa_Njombe

Binti yangu wa Mombasa, marahaba. Swali lako nimekaa nalo siku tatu. Hakuna aliyeniuliza. Mke wangu aliulizwa, nami nilishukuru kwamba anaulizwa. Mwaka 1991 nilikwenda kulima siku ya pili yake, na watu walinisifu.

Baba wa Wawili, mwanangu, nenda.

Baba_wa_Wawili

Ndugu zangu, zimepita wiki tano, na naona ni haki yenu kujua nilipofika.

Niliwapigia simu watu watatu na kuwauliza maswali yale. Wa kwanza alisema, "Wewe njoo tu, tutazungumza," na hakujibu hata moja. Wa pili alijibu yote vizuri, lakini bei yake ni shilingi 60,000 na singeweza kuimudu zaidi ya mara mbili. Wa tatu ni mama mmoja wa Dodoma, anatoza 30,000 kwa video. Nilipomuuliza kama amewahi kumhudumia baba aliyezika mtoto aliyezaliwa amefariki, alinyamaza kidogo, akasema kwamba amewahudumia kina mama wengi lakini baba hajapata hata mmoja, na kwamba angependa kunipokea akishauriana na anayemsimamia. Nilimchagua kwa sababu ya jibu hilo.

Tunazungumza kila Alhamisi baada ya kazi. Naegesha gari chini ya mwamba wa Gangilonga, ambao kwa Kihehe jina lake ni jiwe linalosema, napandisha vioo, naweka simu kwenye dashibodi. Siku ya kwanza nilimsomea karatasi yangu nikianza na lile alilonielekeza dada wa Mombasa. Hakushtuka. Aliniuliza maswali machache kuhusu usiku ule, akataka kujua nitampigia nani likirudi, na tukaandika jina la mtu huyo pamoja. Kisha akaniuliza mtoto tulimpa jina gani. Tulikuwa tumemchagulia jina tangu mwezi wa sita wa mimba, lakini tangu siku ya kumzika sikuwa nimelitamka, na nilipolitamka ndani ya gari ilinichukua muda kuendelea. Alinisubiri.

Usingizi bado haujatengemaa. Moyo kwenda mbio umepungua, si kwisha. Kwa binti yangu nimepewa kazi moja ndogo, kwamba nikifika nyumbani nikae dakika tano nje ya geti kabla ya kuingia, na wiki hii mara mbili yeye ndiye aliyekuja kunifungulia. Kwa daktari kijana nimekwenda, tumekubaliana tusubiri mwezi mmoja kabla ya kuamua juu ya dawa.

Seremala, ulisema kweli kuhusu kitasa cha mlango. Hata mimi kikao cha pili nilitumia nusu saa kumweleza habari za marejesho ya mikopo.

Jumapili iliyopita nilimweleza mke wangu kwamba Alhamisi huwa siko ofisini mpaka saa moja, na nikamweleza ninazungumza na nani na kuhusu nini. Alikaa kimya muda mrefu, akikunja nguo. Kisha akaniuliza kama mama huyo hupokea watu wawili kwa pamoja. Nimeliandika swali lake juu kabisa ya karatasi ya Alhamisi hii.